Aliyegonga Ubavu wa Lori

Enzi zetu, basi la shule lilikuwa lori la maziwa. Msicheke. Asubuhi lilishuka kutoka Dundori na madebe yaliyojaa, likatuacha shuleni njiani. Saa kumi lilirudi na madebe matupu yakipiga makelele, nasi tumekaa katikati, tunanuka maziwa yaliyochacha, tunatafuna viazi vya mchana vilivyobaki.

Vituo vyetu vilikuwa majukwaa ya mbao ya kuwekea maziwa kando ya barabara. Sheria ilikuwa moja: mkubwa wa kila nyumba ahakikishe wadogo wake wameshuka, kisha agonge ubavu wa lori mara mbili, ndipo liondoke. Barnaba, dereva, hakuwa mtu wa kutazama nyuma. "Mimi nabeba maziwa," alizoea kusema. "Watoto mtabebana wenyewe." Mama naye hakuwa na hotuba. Kila asubuhi ilikuwa, "Mshike mwenzako." Mwenzangu alikuwa mdogo wangu Wangari, wa miaka sita. Mimi nilikuwa na tisa.

Siku moja tukirudi, ukungu ulikuwa mzito, na wasichana wa jirani walikuwa wameshaanza kuruka kamba. Nikaruka chini, nikagonga mara mbili, mbio hadi kwenye kamba. Zamu yangu ilipokwisha ndipo nikatazama huku na huku. Wangari hayupo! Alikuwa amelala kati ya madebe, na lori limeshaenda.

Nilimkimbilia mama shambani, alikokuwa akichuma maua ya pareto. Aliuliza neno moja tu.

"Uligonga?"

"Niligonga."

Akatupa kikapu, tukashika barabara kupanda juu. Kule juu kulikuwa na msitu, na fisi wa siku hizo hawakungoja giza. Jukwaa la kwanza, hakuna mtu. La pili, hakuna. Niliomba Mungu kwa sauti. La tatu, Wangari huyo, ameketi wima na mfuko wake magotini. Barnaba alimkuta alipokuwa akishusha madebe, akamwamrisha asishuke hapo mpaka aitwe kwa jina.

"Hukulia?" mama akamuuliza.

"Nilijua anakuja," akasema, akininyooshea kidole. Ai, heri angenizomea!

Mama hakunichapa. Ila kuanzia kesho yake aliacha pareto mapema, akaja jukwaani kutungoja mwenyewe. Yale maneno ya asubuhi hakuniambia tena.

Siku hizi wajukuu wangu hapa Nakuru wanashushwa mlangoni. Kuna mama mwenye orodha, kuna mikanda, na simu inalia kunijulisha mtoto amefika wakati tayari namwona akivua viatu. Jitu la miaka kumi na mitatu linavushwa barabara kwa mkono, na mfuko wake umebebwa na mwingine! Ni salama zaidi, sibishi. Lakini hakuna mtoto anayeachiwa mtoto mwenziwe. Mimi niliachiwa mtu nikiwa na miaka tisa, na kwa jioni moja tu nikanyang'anywa.