Mkono Uliobaki Tororo

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika fimbo ya gofu. Nilishika bomba. Ninyi mnaocheza leo kwenye nyasi laini huenda hamlijui, basi niwaeleze. Uwanja wetu wa Tororo haukuwa na grini za nyasi kuzunguka mashimo. Tulikuwa na brauni: mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari na kushindiliwa hadi ukawa mweusi, unanuka gereji. Kila aliyepita aliacha alama za viatu. Kwa hiyo kabla mchezaji hajasukuma mpira, kedi wake, yaani mbeba mfuko, alikokota kipande cha bomba chenye mpini kutoka kwenye mpira hadi shimoni. Mpira ukafuata njia hiyo. Kedi aliyenyoosha njia alikula, aliyepindisha alirudi kulima.

Mimi nilikuwa nimetoka kijijini kwetu Paya asubuhi hiyo, viganja bado vya jembe. Mkuu wa makedi, Mzee Owori, alinipangia nimbebee mfuko Kapteni wa klabu, mfanyabiashara mkali wa Busia upande wa Kenya. Kwenye shimo la mwisho nilivuta bomba kwa woga, njia ikapinda kama mkia wa ng'ombe. Mpira ukapita pembeni.

"Huyu kijana amenipindishia njia!" Kapteni akafoka. "Nani kamleta hapa?"

Mzee Owori akaja, akatazama mchanga, kisha akatazama angani. "Njia iko sawa, Kapteni. Ni upepo tu."

Upepo haukuwepo. Moshi wa kiwanda cha saruji ulikuwa umesimama wima. Kapteni alinung'unika akaondoka, na mimi nikabaki na kazi.

Kila Jumatatu wanachama hawakuja, makedi tukaruhusiwa kucheza. Nilicheza kwa fimbo za kuazima, na kwa kuwa sikuwa na wa kunibebea, nilijivutia njia mwenyewe. Baada ya miaka kadhaa hapakuwa na wa kunishinda pale, hata wanachama. Klabu ikanifanya mchezaji wake wa kulipwa: katikati ya wiki nafundisha, mwisho wa wiki nakwenda mashindanoni kwa jina la Tororo.

Basi nikaenda Kampala kugombea ubingwa wa taifa. Huko grini ni nyasi, na sheria ya wakati ule ilikuwa kali: ule mstari kati ya mpira na shimo hauguswi na mtu. Sheria niliijua, nilikuwa naifundisha. Nikafika shimo la mwisho nikiongoza kwa pigo moja. Mpira wangu ulikuwa karibu, hata shangazi yangu angeutumbukiza. Nikaona alama ya kiatu njiani. Sikufikiri. Mkono wangu wa kulia ukashusha fimbo, ukaikokota juu ya nyasi taratibu, kwa ustadi kabisa, hadi shimoni.

"Unafanya nini?" akauliza mwamuzi mkuu.

"Nanyoosha njia," nikajibu, na papo hapo nikajua nimekwisha.

Adhabu ilikuwa mapigo mawili. Nikashindwa kwa pigo moja. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nyumbani walinitania kwamba jasiri haachi asili. Kapteni hakutania. "Klabu haiwezi kuwa na mwalimu anayefagia grini za wenyewe," alisema. "Mwakani usipoleta kombe, nafasi yako nampa mwingine."

Nilimwendea Mzee Owori. Hakunionea huruma. "Wewe nakwenda Kampala, lakini mkono yako nabaki Tororo," alisema. "Hiyo ni kama mbuzi. Ukipita kwa shamba ya watu, funga. Weka nyuma, ndani ya mshipi."

Mwaka mzima nilifanya hivyo. Nikikaribia shimo, mkono wa kulia naufunga nyuma ya mshipi mpaka wakati wa kupiga. Bomba sikuligusa tena, hata kwenye brauni. Nilisukuma mpira juu ya alama za viatu, ukaruka-ruka, makedi wakacheka. Mwaka uliofuata nikaleta kombe. Kapteni alipokuja kunipongeza nilimpa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa bado nyuma.

Nilitetea ubingwa ule, nikaupoteza, nikaurudisha. Nilicheza Jinja, Entebbe, Kisumu na Nairobi, chini ya makapteni wengi, wapole na wakorofi. Kisha mgongo ukaanza kunidai, na hakuna mwamuzi wa kumkatia rufaa. Mkiniuliza gofu ni nini, nitasema ni kuufundisha mwili jambo moja. Lakini mwili ukishajifunza haukuulizi tena, na hilo nililijua kwa kuchelewa.

Nililijua siku ya kuniaga, hapahapa Tororo, kwenye brauni ileile. Mzee Owori, mzee sana sasa, aliletwa na bodaboda kutoka Molo ya hukuhuku Tororo. Shimo la mwisho, watu wamezunguka, wote wananisubiri nivute bomba kama zamani. Mkono haukutoka kwenye mshipi. Nilijaribu, kweli nilijaribu. Nilisimama pale bingwa mzima, nikaona uchungu kama mtu aliyepotea nyumbani kwao.

Mzee Owori akaweka chini mkongojo wake, akaokota bomba.

"Mzee, acha tu," nikasema.

"Simama hapo. Wewe hakuna mtu alikuvutia hata siku moja. Leo mimi nakuvutia."

Akavuta. Bila mkongojo aliyumba, njia ikapinda mara mbili. Niliiona, na kila mtu aliiona. Ningeweza kupiga nje ya njia ile, mpira ukaingia. Mkono ulitoka ulipofika wakati wa kupiga, nikapiga juu ya njia yake. Mpira ukafuata kila kona aliyoichora, ukapita pembeni ya shimo.

Akainama kutazama mchanga. "Mwanangu, nimepindisha?"

Nikatazama angani. Moshi wa kiwanda cha saruji ulikuwa umesimama wima.

"Njia iko sawa, Mzee," nikamwambia. "Ni upepo tu."