Mkanda wa Debe

Juzi pale Msimbazi nilimwona mtu akiifunga televisheni mkanda kwenye kiti cha gari, nikalikumbuka debe la Baba.

Nilikuwa na miaka sita. Baba, mimi na mdogo wangu Zuhura tulishinda kwenye foleni Kariakoo, katikati ya harufu ya jasho na dagaa, mpaka tukapata debe la mafuta ya kula. Baba aliliketisha kwenye kiti cha mbele cha gari letu, akalifunga mkanda.

"Hili likimwagika, mama yenu atatufukuza," alisema.

Nikaamini mkanda ni wa vitu vya thamani. Zuhura alisimama nyuma ya debe, katikati ya viti, akiimba. Tulipofika Jangwani mkokoteni ulikatiza, Baba akakanyaga breki, Zuhura akarushwa akapasua kioo cha mbele kwa kichwa.

Nami nikalikagua debe, nikapaza sauti kwa furaha: "Baba, mafuta hayajamwagika hata tone!"