Mbili Kasorobo

Kila mwaka nikifika kwenye mada ya kutoa akisami, hasira hunipanda kabla sijashika chaki. Mimi ni mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi hapa Msambweni, na mada hiyo nimeichukia tangu utotoni, ingawa ndiyo niliyokuwa nikiiweza kuliko wenzangu wote.

Wanafunzi wangu hukosea palepale. Ukiwapa nne na robo, ukawaambia watoe moja na robo tatu, wanaona robo moja haitoshi, basi wanageuza: tatu toa moja, mbili, nne toa moja, tatu. Jibu lao ni tatu na nusu. Nawaambia waiendee ile nne, wachukue nzima moja waivunje iwe robo nne, waziunge na ile robo iliyopo ziwe tano. Robo tano toa robo tatu, zinabaki mbili. Tatu iliyosalia toa moja, mbili. Jibu ni mbili na nusu. Asiyetaka kuvunja, ageuze zote ziwe robo: kumi na saba toa saba, kumi. Atafika palepale. Mfano huo sikuutoa kitabuni.

Baba alituachia ekari nne na robo kule Galu. Alipofariki, ami yangu aliamua kipande kiuzwe ili kaka zangu wamalize masomo. Alimwambia mnunuzi, mtu wa bara aliyehamia Ukunda, kwamba tunauza ekari mbili kasorobo. Sisi huku ndivyo tusemavyo. Moja na robo tatu ni maneno ya darasani. Mkataba ukaandikwa kwa Kiingereza, na ami akatia kidole gumba baada ya kuhakikishiwa kuwa kila kitu kiko sawa.

Siku ya kupima nilikuwa darasa la saba, nimesimama nyuma ya mama. Mpimaji alipomaliza kupigilia vigingi, alisema tumebaki na ekari mbili. Nilitoa kichwani nikaona nusu ekari haipo. Nikavitazama vile vigingi: kaburi la baba lilikuwa upande wa pili.

"Ami," nilisema, "tulitakiwa tubaki na mbili na nusu."

Mnunuzi alicheka. "Mzee, si uliniambia mbili na robo? Hiyo kasorobo yenu mimi hata siijui."

Nilimngoja ami aseme. Lakini alikuwa ameshamwangulia madafu, na kwake yeye mgeni aliyekunywa madafu yako hubishani naye uso kwa uso. "Mwanangu," akaniambia, "mtoto wa kike hasemi mbele za wageni. Nenda jikoni." Mama alivuta leso akajifunika uso.

Mnunuzi akatazama saa yake. "Saa kumi kasorobo," akamwambia mpimaji. "Twende, tusipatwe na foleni ya feri." Alilitamka neno lile vizuri kabisa, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyemwuliza amelijua lini.

Sijamsamehe. Ami pia sijamsamehe, ingawa ameshakufa na kila siku naambiwa marehemu hasemwi vibaya. Heshima aliyomwekea mgeni aliilipia kwa kaburi la nduguye.

Leo pale pana ukuta mrefu na nyumba za kukodisha watalii. Kaburi limebaki nyuma ya tangi la maji. Kila Idd mama hutaka nimpeleke akamsomee baba Fatiha, na kila tukienda tunamkuta askari mpya langoni, inabidi tuanze kujieleza upya. Idd iliyopita alikuwa kijana mpole.

"Shikamoo, mama. Unamtembelea nani?"

"Marahaba, mwanangu. Mume wangu."

Akauliza yuko nyumba namba ngapi.