Swali Nililogeuza Vibaya

Niliishia darasa la saba, na pale Kewanja hiyo ilitosha kuitwa msomi. Nesi wa zahanati alikuwa mgeni, hajui Kikurya, na wengi wa akina mama waliokuwa wakiponda mawe ya dhahabu hawakukiweza Kiswahili chake. Basi nikajitolea, nikapewa fulana ya zahanati. Yeye anauliza, mimi nageuza kwa Kikurya, mama anajibu, naandika kwenye kadi ya kliniki.

Swali moja lilikuwa: unakunywa pombe? Mimi niliuliza kwa neno letu la gongo, ile pombe kali. Sikufikiri. Miaka ile dhahabu ilileta vilabu kila kona, na pombe tuliyoiogopa ni ile ya kulewesha wanaume wenye hela. Busaa, kinywaji chetu cha unga uliochachushwa, tuliihesabu chakula. Mjamzito alipewa apate nguvu. Mama akisema hapana, naandika hapana. Hakuna aliyenidanganya.

Mmoja wa wajawazito hao alikuwa jirani yangu. Mama mkwe wake alimpikia busaa na kumpelekea kwenye mawe kila mchana, ingali ya moto. Niseme haki: sijaona mama mkwe aliyempenda mke wa mwanawe kuliko yule.

Binti alizaliwa mdogo, akabaki mdogo. Alichojua jana, leo kimepotea. Shuleni walimchapa wakidhani ni ukaidi. Alipokuwa darasa la pili wazazi wakampeleka hospitali kubwa Mwanza, na daktari akasema huenda ni pombe ya wakati wa mimba, ingawa hawezi kuapa. "Busaa nayo ni pombe, mama," alimwambia. Mume akaitoa kadi ya zamani, akasoma ile hapana. Mke akawa mwongo kuanzia siku hiyo.

Wakati huo mimi ndiye niliyewakusanya akina mama wenye watoto wa namna hiyo, kila Jumamosi, kwenye chumba cha kanisa. Ndiye niliyewaambia wasilaumiane. Jirani alipokuja, mmoja akasema, "Huyu si ndiye alisema hanywi?"

"Labda alikuwa ananusa tu," mwingine akajibu.

Wakacheka. Na mimi nilitabasamu. Jumamosi ya pili walirudia, nikatazama daftari langu.

Ya tatu hakuja. Nikasikia mume anamrudisha kwao Susuni, na mtoto atabaki. Mtoto asiyeweza kufunga vifungo vyake bila mama yake! Nikaenda mbio, nikawakuta mume na mama yake uani, na mke amekaa kando ya furushi lake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kumuaga?"

"Nimekuja kusema kosa ni langu. Sikumuuliza kuhusu busaa. Nilimuuliza gongo, akanijibu ukweli."

Mume alinigeukia. "Kwa hiyo hakunywa?"

"Alikunywa. Hakuficha."

"Nilimpikia mimi," mama yake akasema taratibu. "Kama unarudisha watu, anza na mimi. Mimi kwetu ni mbali zaidi, utafute usafiri."

Hakuna aliyecheka. Mume aliinua furushi, nikadhani analipeleka barabarani. Akaliingiza ndani.

Ningependa kuandika kwamba nilishukuriwa. Mke alinisindikiza hadi njiani, binti amemshika sketi.

"Dada, Jumamosi ya kwanza ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Na ya pili?"

"Nilijua."

"Ulikuwa unasubiri nini?"

Nilimwambia niliogopa wataniambia sijui kazi, nitanyang'anywa ile fulana ya zahanati. Ndiyo, fulana. Nilipolisikia neno hilo likitoka mdomoni mwangu nilitamani kulirudisha, lakini lilikuwa kweli. Yeye hakunitukana. Aliinama, akamfunga binti kifungo, wakarudi nyumbani.

Nimejaribu miaka mingi kupata jibu zuri kuliko lile. Sijapata.