Gunia la Makapi

Nakumbuka asubuhi moja ya msimu wa alizeti pale Mtinko. Foleni ya magunia ilikuwa imetoka mlangoni mwa mashine ya kukamua mafuta, imefuata ukuta, imefika barabarani. Katikati ya foleni hiyo lilisimama gunia la makapi matupu, na hakuna aliyeruhusiwa kulipita.

Mwanangu Hadija, kisa hiki hujawahi kukisikia chote. Mama yako ndiye aliyekuwa akikisimulia, naye alipenda kuanzia pale panapochekesha. Mimi nilikaa kimya nikamwachia. Sasa sina wa kumwachia, ndiyo maana nakuandikia. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo utanivumilia.

Ulipokuja kwenye arobaini ya mama yako, muda mwingi ulikuwa nyuma ya nyumba, simu sikioni. Sikukulaumu. Kule Itigi asali ilikuwa inashuka kutoka Mitundu na vijiji vya porini, ndoo zimejaa mpaka nje, na wewe ndiye msimamizi wa kiwanda. Nilikuuliza lile wazo lako limefikia wapi, la kuchuja asali yenye nta nyingi bila kuipasha moto kupita kiasi. Ukacheka kidogo ukasema, "Baba, hata muda wa kufikiri sina. Msimu ukiisha nitakaa nilitazame." Msimu uliopita ulisema maneno hayo hayo. Kesho yake ukapanda basi la asubuhi, nami nikabaki naosha vikombe vya wageni. Nilipovimaliza nikaviosha tena, maana sikuwa na kazi nyingine.

Basi nisikilize.

Wakati huo mimi na mama yako tulikuwa tumeoana karibuni, na wote wawili tulifanya kazi kwenye mashine ya mzee Ntandu. Yeye alikuwa upande wa kumimina alizeti, mimi nilisimamia foleni nje. Ilikuwa kazi ya kumliza mtu. Wakulima walileta magunia kwa baiskeli, kwa punda, kwa migongo yao. Kila mmoja akishapanga magunia yake alikwenda kunywa chai, kwa sababu kwetu gunia lilikuwa ni mtu. Likishasimama kwenye foleni, mwenyewe ni kama yupo, na kulipita ni kumtukana.

Shida yetu ilikuwa mchanga. Watu walipiga alizeti chini, kwenye udongo, wakazoa kila kitu. Mchanga ule uliingia kwenye mashine na kula kile chuma cha ndani kinachozunguka. Kila msimu fundi alitoka Singida mjini kuja kukibadilisha, na wakulima wakalala nje na magunia yao wakisubiri. Mama yako alikuwa na wazo. Alitaka kuweka chekeche juu ya mdomo wa mashine, bati lililotobolewa kwa msumari, lichezeshwe na mkanda wa injini lenyewe bila mtu kulishika. Kila siku alisema atalijaribu akipata nafasi. Mzee Ntandu alimsikia akisema hivyo mara nyingi mno.

Siku moja mzee akajaza gunia makapi, akalishona mdomo, akaliweka kwenye foleni kama mteja.

"Hili ni letu," alituambia. "Likifika mlangoni, injini inazimwa kwa muda wa gunia moja kukamuliwa. Hapo fanyeni yale mnayosema mtafanya mkipata nafasi. Hapa nafasi haijawahi kuja yenyewe. Basi nayo ipange foleni."

Ikawa hivyo kila siku. Likimaliza zamu yake, linarudishwa nyuma ya foleni. Wateja walitutania mpaka wakachoka.

"Mzee Ntandu, mafuta ya makapi yanapakwa wapi?"

"Yanapakwa wenye haraka," alijibu, "yawatulize."

Sasa asubuhi ile ninayoikumbuka, ulifika mkokoteni wa punda, na juu ya magunia ameketi mama mkwe wangu, bibi yako mzaa mama. Wewe ulimjua akiwa mzee mpole. Siku zile hakuwa mpole. Na kwa desturi yetu mkwe humtazami usoni. Unainamisha kichwa, unaongea kidogo, na anachotaka unampa. Nilimsalimia huku natazama kwato za punda. Nikayapanga magunia yake, na bahati mbaya yakaangukia nyuma ya gunia la makapi.

Hakwenda kunywa chai. Alisimama pale pale, na gunia lililokuwa mbele ya makapi lilipoingia ndani, akaita.

"Mkwe wangu, hili la mbele yangu ni la nani? Mwenyewe simwoni."

"Ni la hapa, mama."

"La hapa kwa nani?"

"La mashine, mama."

Watu wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Siku hizi mpaka mashine inalima!"

Bibi yako akalibonyeza gunia. Kidole kikazama chote. "Makapi! Nimeazima punda wa watu, nimeahidi kuwarudisha kabla jua halijakaa juu, halafu nisubiri makapi?"

Mwanangu, nikalikamata lile gunia nilivute pembeni. Lilikuwa jepesi hata mtoto angelibeba. Mzee Ntandu alikuwa amesimama mlangoni akifuta mikono.

"Juma, liache."

"Mzee, ni mama mkwe."

"Namwona, na nimemsalimia kwa heshima zote. Ukilisogeza leo kwa ajili ya mkwe, kesho utalisogeza kwa ajili ya diwani, na keshokutwa kwa yeyote mwenye sauti kubwa. Mkeo yuko humo ndani ameshika bati lake. Utamwambia nini? Kwamba leo waliokuja wote walikuwa na haraka? Ni lini umemwona mtu amekuja hapa bila haraka?"

Nikaliachia. Mzee akaingia, akazima injini.

Bibi yako alinipita kama anapita nguzo, akaingia ndani kumfokea binti yake. Mimi nilibaki nje na foleni, na kwa kuwa injini ilikuwa imezimwa, kila neno lilitufikia.

"Ndicho mnachonisimamishia hiki?"

"Shikamoo mama. Ni chekeche. Mchanga udondoke chini, alizeti iende kwenye mashine."

"Mbona inakaa tu juu ya bati? Haiendi popote."

"Ndicho kinachonishinda, mama."

"Kwa nini umelilaza chali kama mgonjwa? Kupeta nilikufundisha hivyo? Ungo unainamishwa!"

"Mama, hili si ungo. Ni bati."

"Bati limekatazwa kuinama? Inua huku nyuma. Inua! Sasa litikise. Siyo hivyo, unatikisa kama unafukuza kuku. Lete hapa."

Nje watu walikuwa wameshika mbavu. Hapo ndipo mama yako alipokuwa akianzia kisa chake, na hapo ndipo alipokuwa akikimalizia.

Lakini mimi nakwambia yote. Siku ile halikufaulu. Walipoliinamisha, alizeti iliteleza upesi mno ikashuka na mchanga wake. Punda walichelewa kurudi, mwenye punda akanuna, na bibi yako akaacha kuniitikia salamu. Kazi iliendelea gunia kwa gunia, leo mama yako na wenzake wakishusha bati kidogo, kesho wakipunguza mchezo wa mkanda. Kuna siku zamu ya makapi ilipita wakiwa wamekaa tu wanalitazama bati, na mzee Ntandu hakusema kitu. Msimu ulipokaribia kuisha, mchanga ukaanza kudondoka peke yake, na alizeti ikatembea taratibu kuingia mdomoni mwa mashine. Mwaka uliofuata fundi wa mjini hakuitwa. Bibi yako alipoleta magunia yake, alichota mchanga uliotoka kwake, akautazama kiganjani. "Kumbe kila mwaka nilikuwa naleta na shamba lenyewe," akasema. Kisha akaniitikia salamu.

Mzee Ntandu alishatangulia. Mashine sasa anayo mjukuu wake, kijana mwenye adabu. Asubuhi nyingine huwa nakwenda pale kwa sababu nyumba imekuwa kimya mno. Ananipa shikamoo, ananiletea kiti, kisha simu inamwita. Lile bati lilishaondolewa, limewekwa jipya la dukani, lakini linacheza kwa mlio ule ule. Nafumba macho nalisikiliza. Gunia la makapi halipo tena. Nilimweleza habari zake, akasikiliza vizuri, akasema, "Babu, tutalirudisha msimu ukiisha." Nikasikia sauti yako humo.

Na kuna jambo jingine, ambalo mama yako hakulisimulia. Siku zake za mwisho za afya alitaka tujenge jiko la kuchoma makapi, tuache kukata kuni. Alishaliona lote kichwani mwake. Tuliagiza matofali. Tukasema nikishaacha kazi tutalijenga kwa utulivu. Niliacha kazi, na miguu yake ikaanza kuvimba, na utulivu tuliousubiri ukawa wa kukaa kando ya kitanda chake. Matofali bado yapo nyuma ya nyumba, uliyaona. Sasa muda ninao. Asubuhi ninao, mchana ninao, sijui hata pa kuuweka. Lakini aliyejua mdomo wa jiko uelekee upande gani hayupo, na mimi sikumuuliza.

Kwa hiyo, mwanangu, na nyinyi vijana wote mnaosimamia kazi za watu, neno langu ni hili. Msisubiri kazi ipungue ndipo mjaribu jambo jipya. Kazi haipungui. Wanaopungua ni wale ambao ungejaribu pamoja nao. Chukua ndoo moja tupu, uipange kwenye mstari pamoja na ndoo za asali, uiandike jina la kiwanda. Zamu yake ikifika, zimeni kila kitu, wewe na wenzako mkae na lile wazo lako. Likishindikana, irudisheni ndoo nyuma ya mstari. Watakucheka. Atakuja mtu unayemheshimu, mwenye haraka ya kweli kabisa, na moyo wako utataka kuisogeza. Usiisogeze. Mpe kiti, mwombe radhi, na ukiweza mkaribishe ndani atazame. Huenda akaona usichokiona.

Hata mimi usinisogezee. Najua nakupigia simu mara nyingi siku hizi, na mara nyingine sina hata la kusema. Ikilia wakati wa ndoo yako, iache ilie. Usipopokea, nitajua zamu yenu imefika, na siku hiyo nitakwenda nyuma ya nyumba niyatazame yale matofali, nijaribu kukumbuka alivyokuwa akionyesha kwa mikono yake.

Mungu akupe watu wema wa kujaribu nao, akuachie nao muda mrefu kuliko alioniachia mimi. Mikono yako isikose kazi, na kazi yako isikunyime mikono. Amina, mwanangu.