Adabu Niliyorudi Nayo

Kichina kilinipa taabu za kila aina, lakini kilichoniponza ni adabu. Mwalimu wetu kule Uchina, mama mpole mwenye subira ya ajabu, alituambia sisi wanafunzi wageni kwamba mtu akikusifu, usipokee. Kataa. Sema bado unajifunza, bado unakosea. Mimi, mtoto wa Kisangani, ambako hata muuza mikate hujitangaza bingwa, niliteseka na somo hilo kuliko maandishi yenyewe. Mwishowe nikalimudu, nikajiona nimeelimika kabisa.

Niliporudi, papa, baba yangu, hakunipa hata nafasi ya kupumzika. Yeye ni fundi cherehani, na alikuwa ameshautangazia mtaa mzima kwamba mwanawe atakuwa mkalimani wa Mchina mwenye duka la mabati karibu na soko. Akanishonea suti, akanisindikiza mwenyewe. Kazi ile niliitaka kuliko alivyoitaka yeye, ila yeye ndiye aliyekuwa akitoka jasho.

Tajiri alizungumza nami kwa Kichina, nami nikajibu bila kukwama. Akatabasamu, akasema naongea vizuri sana. Nikainamisha kichwa kama nilivyofundishwa: hapana, hapana, naongea vibaya, bado najifunza.

Tabasamu lake likakatika.

"Anasema nini?" papa akauliza.

"Anasema ninasema muzuri."

"Alors, umejibu nini?"

"Nimemwambia hapana, ninasema mubaya."

Papa alinitazama kana kwamba nimevua suruali mbele za watu. Tajiri naye, aliyekaa Kisangani muda wa kutosha kuzisahau adabu za kwao, akatueleza kwa Kiswahili cha hapa: "Huku kila mutu anasema anajua. Huyu mwenyewe anasema hajue. Donc, hajue kabisa." Baadaye kazi alipewa jirani yetu mmoja ambaye Kichina chake kiliishia kwenye salamu, ila aliapa anakijua chote.

Tulirudi kwa miguu. Niliona aibu, na hasira pia, ila sikujua nimkasirikie nani. Njiani mama mmoja, mteja wa papa, akatusimamisha na kuisifu suti yangu.

"Ni mimi nimeshona," papa akajibu kwa sauti. "Katika Kisangani muzima, nani mwingine anaweza?"

Kisha akanigeukia, taratibu.

"Umesikia? Hii ningekufundisha mimi, bila kupanda avion mpaka Uchina."