Mbuzi wa Gachoka Kabla ya Filimbi

Siku yangu ya kwanza ya kazi nilifika misheni pale Kanja nikiwa na panga, si viatu vya mpira. Niliajiriwa kukata nyasi. Shule niliachia darasa la nne, na sioni haya kusema, kwa sababu nilikofika nilifika kwa miguu yangu mwenyewe. Jioni hiyo vijana walikuwa mazoezini, mpira ukatoka ukanijia. Nikaupiga kwa nguvu zote, ukavuka uwanja, ukavuka ua, ukaangukia kwenye kahawa ya jirani. Watu wakapiga makofi. Mmoja tu hakupiga, na huyo ndiye alikuwa kocha.

Alikuwa padre, Mhispania. Kwao alikuwa amecheza mpira wa kulipwa, akaumia goti, akafundisha wachezaji wachanga, halafu ndio akavaa kanzu. Kiswahili alijifunzia kwetu, kwa hivyo alikiongea kama mtu wa Kanja mwenye mafua. Akanijia polepole.

"Umempa nani huo mpira?"

"Nimeupeleka mbali, Padre."

"Sijauliza mbali. Nimeuliza umempa nani."

Akaniambia niende nikautoe kwenye kahawa, na nikirudi niliache panga nje nikiingia uwanjani. Basi, hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye mpira.

Alinifanya beki wa kati, yule namba tano anayesimama mbele ya kipa na kuamrisha wenzake. Zoezi lake kubwa lilikuwa la duara: watu wanasimama kwa mviringo wakipasiana kwa mguso mmoja, na mmoja katikati anauwinda mpira. Yeye aliliita rondo. Sisi tuliliita zizi, kwa sababu wa katikati alihangaika kama ndama. Mimi nilikuwa ndama muda mrefu kuliko wote. Nikikimbia sana Padre alinifokea nisimame, mpira ndio ukimbie, maana mpira hauna mapafu. Nilidhani ni uvivu wa wazungu. Baadaye niliona timu zenye mbio kutushinda zikihema huku sisi tukicheka.

Padre alipohamishwa, nikapanda Meru. Kule Maua kulikuwa na tajiri wa magari ya miraa, Hajji, aliyekuwa na timu ya wapakiaji wake. Hao watu asubuhi wanapakia mizigo kama wendawazimu, kwa sababu miraa ikilala imeharibika, na jioni wana nguvu ya kucheza. Hajji aliniajiri kama kocha-mchezaji, yaani unafundisha na jezi umevaa. Mpaka siku moja goti langu likagoma katikati ya mechi, nikatolewa nikibebwa. Hajji hakuzunguka.

"Mguu umekwisha," akaniambia. "Mdomo bado. Simama kando ya laini utumie mdomo."

Nikautumia mpaka Embu wakausikia. Ushirika mmoja wa kahawa ukaniita nifundishe timu yao. Utaratibu wao ulikuwa mzuri: kila mchezaji alipewa kazi kiwandani, wengine kwenye mashine ya kumenya kahawa mbivu, wengine kwenye vitanda vya kuanikia, na jioni wanakuja kwangu. Mkubwa wangu alikuwa Mwenyekiti wa ushirika, mtu mfupi mwenye sauti ya lori.

Msimu mmoja tuliumia vibaya. Ikabaki mechi moja, ugenini Gachoka. Tukishinda tunabaki kwenye ligi. Sare au kufungwa, tunashuka daraja. Mwenyekiti alikuja uwanjani akatuambia wote tukiwa tumekaa kwenye nyasi.

"Mkishuka, timu navunja. Na hizo kazi za kiwandani nitawapa watu wanaojua kahawa."

Kipa wangu Mugambi alikuwa na watoto shuleni. Winga wangu Njeru alikuwa ameoa juzi.

Sasa nikueleze kuhusu Gachoka. Sisi wa juu tumezoea baridi na ukungu; kule chini Mbeere jua linakuchoma mpaka kwenye ulimi. Lakini kilichokuwa kikiua timu za juu si jua, ni ukarimu. Ukifika, wazee wamekuchinjia mbuzi, na muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe, yako tayari kwenye masufuria. Unakula kabla ya mechi. Ukikataa umewatukana wazee, na mashabiki watakukumbusha dakika zote tisini. Ukila, huwezi kukimbia. Timu za juu zilikuwa zikila, zikishukuru, zikifungwa.

Tulipofika, harufu ya mbuzi ilitupokea kabla ya watu. Wachezaji wa Gachoka walikuwa kando wakifunga kamba za viatu, matumbo yamebonyea vizuri. Vijana wangu wakanitazama. Nikawaendea wazee, nikavua kofia.

"Wazee wangu, asanteni sana. Lakini kwetu mgeni hali peke yake kama mgonjwa. Mwenyeji hukaa naye. Waiteni vijana wenu, mmoja wenu na mmoja wetu, sahani moja."

Wangesema nini? Hata kwao ndivyo ilivyo. Mzee mmoja akawaita vijana kwa ukali, wakaja wakikokota miguu. Kocha wao akakaa karibu yangu, hana raha.

"Mzee, wewe ni mbaya," akaninong'onezea.

"Kula, kocha. Mbuzi ni wako."

Tukala wote. Mechi ilipoanza ungedhani ni mazishi, watu ishirini na wawili wanatembea. Lakini wao walizoea mbio, na mbio zilikuwa zimezikwa chini ya nyama. Sisi tulikuwa na zizi. Nikapaza sauti kutoka kwenye laini: asikimbie mtu, upitisheni mpira! Wakaupitisha, mguso mmoja, mguso mmoja, mpaka Gachoka yote ikawa ndama. Kipindi cha pili Njeru akapewa pasi ya pembeni, akaingia ndani, akaukunja kwa mguu wa kushoto. Goli! Niliruka kwa goti lile bovu na sikusikia kitu.

Dakika za mwisho refa akawapa penalti. Nikageuka nisione, nikashindwa, nikatazama. Mpigaji akaupiga katikati kwa nguvu, Mugambi hakusogea, mpira ukamgonga tumboni, pale pale muthokoi ulipokuwa umejaa. Akaukumbatia kama mtoto. Filimbi.

Jumatatu asubuhi mashine ya kumenya kahawa ilikuwa ikinguruma na vijana wangu wote walikuwa kazini. Mwenyekiti alipita, akawaangalia mmoja mmoja, akasema tu kwamba vitanda vya kahawa ni vichafu, vifagiliwe. Mugambi akachukua fagio akiimba.

Nilifundisha timu hiyo mpaka nilipostaafu. Sasa nakaa mtaa wa Majimbo, mjini Embu, na vijana wanaotaka ukocha huja kuniuliza nilishinda makombe mangapi. Hakuna. Nawaambia waziwazi, hata moja. Lakini Mugambi alisomesha watoto wake kwa kiwanda kile, na Njeru leo ndiye msimamizi wa mashine pale. Ukichukua timu, jua kwanza ni nani watakosa chakula ukifungwa, halafu ndio upange namba. Na anayefikiri hiyo si kazi ya kocha, aje aniambie mwenyewe. Mchana huwa niko nyumbani.